Chokaa ya Terral

Houma, 3 Septemba

Kwa Curlis,

Salamu nakupa, maana tumelelewa nyumba moja. Mimi mzima. Goti la kushoto linagombana na ngazi, kiwanda kinakwenda, na wanawake wangu kumi na wawili wanamenya kaa tangu alfajiri na kusengenya kwa kasi ileile ya visu. Nasikia na wewe u mzima. Sikuuliza, watu huniambia tu.

Naandika kwa sababu sauti yako kwenye simu bado siiwezi. Nimeona tangazo lako pale kwa muuza chambo: safari za kuvua za nusu siku, karibu na pwani, abiria hadi wanne, vifaa vyote vya kapteni. Nataka kukodi. Tarehe moja Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Abiria ni mmoja, mimi. Nitalipia viti vyote vinne, wala usinipunguzie, kwa kuwa sitaki kudaiwa shukrani. Sitavua.

Nataka unipeleke Meza.

Nimeambiwa jukwaa lile la mafuta litang'olewa. Mafuta yamekwisha chini yake na sheria inataka kampuni iondoe chuma chake kabla ya mwaka kwisha. Wewe unajua siku hiyo ya Watakatifu huwa tunafanya nini. Miaka minne sasa nimepaka chokaa kaburi la Mama, la Baba, na la Shangazi Eula ambaye hata sikumpenda. La mwanangu silipaki kwa kuwa hanalo. Bahari haikumrudisha Terral. Nilichobaki nacho ni mguu mmoja wa chuma uliokuwa wa mwisho kumwona. Kabla hawajaung'oa nataka kuupaka mweupe, mara moja tu, na yeye awe na kaburi kama mtoto wa watu.

Nijibu kwa barua.

Dada yako, jambo ambalo sikuulizwa,
Nolia

*

Anse Verdine, 19 Septemba

Dada Nolia,

Shikamoo. Pole na goti. Huku ni joto na mbu, na kamba mwaka huu ni wadogo mno, lakini afya ipo. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Niliiweka mezani nikawa nakula nayo chakula.

Dada, mimi sivuki mlango wa bahari tena. Tangazo linasema karibu na pwani, na kwangu maana yake ni ghuba, kando ya majani, samaki wa madoadoa, na saa sita mchana mteja yuko nyumbani anakaanga. Wakiomba majukwaa nawatuma kwa Wilmer Pitre. Wenzangu gatini wameshanipa jina, Kapteni wa Beseni. "Curlis, leo maji yalifika magotini au kiunoni?" Nacheka nao. Wilmer ni mtu mwaminifu na boti yake ni kubwa kuliko yangu. Mwambie nimekutuma.

Halafu Novemba ndipo upepo wa kaskazini unapoanza. Hilo si mimi wa kukukumbusha.

Na liko la mwisho, niliseme liishe. Pale mlangoni pa kanisa, watu wote wakisikia, uliniambia heri ningeanguka mimi. Sikukujibu kwa sababu nilikubaliana nawe. Lakini mtu aliyeambiwa hivyo hawezi kuamka asubuhi akamwambia dada yake, "Karibu ndani mteja, kaa pale penye mto wa kukalia."

Nisamehe.

Mdogo wako,
Curlis

*

Houma, 25 Septemba

Kwa Curlis,

Marahaba. Goti halitaki pole, linataka daktari, na daktari anataka gari zima.

Nimempigia Wilmer. Nikamwambia Meza. Akachangamka: "Mama, pale changu wekundu wamejaa, tutawatoa kwa ndoo!" Nikamwambia sivui, napaka rangi mguu wa jukwaa. Kisha akauliza, taratibu, "Mguu upi?"

Meza ina miguu minne, Curlis. Dunia nzima mtu anayejua ni upi yuko mmoja, naye anaogesha wateja kwenye beseni. Nipake yote minne nikibahatisha? Kaburi halibahatishwi.

Neno nililosema kanisani silifuti. Ulipeleka madaktari wa meno wanne baharini siku moja tu baada ya upepo wa kaskazini, mawimbi hayajalala, kwa sababu walikuwa wameendesha gari mwendo wa saa sita na hawakutaka kurudi bure. Terral akasimama mbele kabisa ya boti na ile kulabu ndefu ya kufungia boti jukwaani, alivyofundishwa na wewe. Boti ikapanda, yeye akashuka kati ya boti na chuma, na mkondo ukamwingiza chini ya jukwaa. Hayo si siri, parokia yote inayajua hadi watoto. Siandiki ili niyafukue. Naandika kwa sababu nahitaji nahodha.

Kuogopa una haki. Ogopa kwanza, halafu nipeleke.

Dada yako,
Nolia

*

Anse Verdine, 5 Oktoba

Dada Nolia,

Shikamoo. Natumaini umempata daktari asiye mwizi.

Juzi nilikwenda hadi mlango wa bahari peke yangu, nikageuka. Pale gatini Wilmer akaniuliza nimesahau nini. Jana nikaenda tena, sikugeuka. Meza ipo. Kutu imekula ngazi na ndege wamelichafua jukwaa lote, lakini limesimama. Mguu ni ule wa kusini-mashariki. Sasa umejua, ukitaka unaweza kwenda na Wilmer. Ukinitaka mimi, nitakupeleka mimi.

Masharti ni ya mteja yeyote. Arubuni mapema, koti la mvua, mabuti meupe ya mpira, chakula chako mwenyewe. Asubuhi ya safari mimi ndiye ninayesema ndiyo au hapana, na nikisema hapana hatubishani. Kulabu nitarusha mimi, toka upande ambao mkondo unatuvuta mbali na chuma. Wewe utakaa umefungwa kamba kiunoni. Chokaa ya makaburini iache, haitashika kwenye chuma chenye chumvi hata nusu saa. Nunua rangi ya boti, na brashi uifunge kwenye mti mrefu.

Sasa nisikilize, Dada. Tusingoje Novemba. Twende Jumanne ijayo. Wiki hii bahari imelala kama sakafu, unaweza kumwaga nafaka juu yake ukaiokota. Kampuni ikisema "kabla ya mwaka kwisha" maana yake ni siku yoyote tishari la kreni litakapopata nafasi. Hawatatupigia kengele.

Jumanne. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Curlis

*

Houma, 7 Oktoba

Kwa Curlis,

Marahaba. Daktari ni mwizi, lakini goti linakunjika.

Jumanne hapana. Kaburi halipakwi Oktoba. Umesahau Shangazi Eula alivyopaka la mumewe wiki mbili mapema ili awahi harusi? Mvua ikanyesha, ukungu ukaota, na siku yenyewe marehemu akasimama mchafu mbele ya wenzake wote waliovaa vyeupe. Mama alimwambia pale pale makaburini, "Wewe unamharakisha maiti aende wapi?" Watu walicheka hadi padri akageuka.

Terral amekosa jeneza. Amekosa misa yenye mwili. Amekosa mahali pa mtu kuweka ua. Siku yake hatakosa. Tarehe moja, na bahari ikikataa, basi siku ya kwanza tulivu baada yake. Baada ndiyo, kabla hapana. Hata kampuni ina watu wa kanisa. Hawatakata chuma wiki ya wafu.

Arubuni nimetuma. Rangi nimenunua. Jana nilijaribu brashi yenye mti mrefu kwenye nguzo ya banda huku nimepanda juu ya debe linaloyumba, ili mkono uzoee. Wanawake walitoka kutazama. Odile akasema, "Bi mkubwa, tukuletee na bahari kabisa?" Nikacheka, Curlis. Sikumbuki mara ya mwisho.

Nikuulize jambo moja, maana sijawahi kukuuliza. Asubuhi ile alikula nini?

Dada yako,
Nolia

*

Anse Verdine, 24 Oktoba

Dada Nolia,

Shikamoo. Naomba barua hii uisome umekaa.

Alikula soseji za wali, mbili zake na moja yangu. Nilipogeuka kuwasha injini aliichukua, nikamwambia, "Mwizi wewe," akanijibu mdomo umejaa, "Mjomba, wazee hawahitaji nguvu, wanahitaji heshima." Wale wateja walicheka sana. Kahawa alikunywa nusu.

Jana nilikwenda Meza kufanya mazoezi ya kurusha kulabu, ili siku yako nisikosee. Toka mbali niliona kreni. Nikajiambia ni jukwaa jingine. Nikatazama namba za mahali kwenye kioo cha GPS, nikatazama tena. Meza haipo, Dada.

Nilisogea hadi mtu akaniita kwa kipaza sauti: "Kapteni, rudi nyuma, huruhusiwi hapo!"

Nikapiga kelele, "Nataka mguu mmoja, dakika kumi tu!"

"Unataka nini?"

"Mguu! Niupake rangi!"

Wakacheka. Si watu wabaya, walidhani nimelewa. Nikawaambia ni kaburi la mpwa wangu. Hapo wakaacha. Yule wa kipaza sauti akakiweka chini akaja ukingoni, akanisemesha kwa mdomo wake. "Pole, mzee. Tumeikata juzi, chini ya matope kabisa. Ile pale."

Ilikuwa imelazwa juu ya tishari kwa ubavu, miguu yote minne hewani, kombe zinachuruzika maji. Nikamwuliza wa kusini-mashariki ni upi. Akaitazama, akanitazama. "Mzee, ikishalala haina kusini."

Wanaipeleka kwenye uwanja wa vyuma chakavu ikakatwe vipande. Ukitaka twende huko, nitakupeleka kwa gari. Nitakaa kimya njia nzima ukitaka. Nijibu, hata kwa simu. Hata unitukane.

Mdogo wako,
Curlis

*

Anse Verdine, 2 Novemba

Dada Nolia,

Shikamoo. Hujajibu, nami sikulaumu. Odile ameniambia unakwenda kazini na unakula.

Jana saa kumi na moja alfajiri nilikuwa gatini na boti tayari, kwa kuwa nafasi ile uliilipia na si yangu kumpa mwingine. Hapakuwa na upepo kabisa. Siku nzuri hivyo sijaiona mwaka huu. Wilmer alipita akaona kiti cha mbele kitupu, kwa mara ya kwanza hakunitania. Alivua kofia akaendelea na kamba zake.

Jua lilipochomoza nikaenda.

Kioo kilisema nimefika. Bahari haikusema kitu. Huko kote nimezoea kujua nilipo kwa kuona chuma, na samaki hujua hivyohivyo. Hata wao wameshahama. Hapakuwa na cha kurushia kulabu. Nanga ningeweza kutupa, kina si kirefu, nikaishika mkononi. Kisha nikafikiri huko chini kuna nani. Nikashindwa kutupa chuma juu yake. Nikairudisha mahali pake.

Nikazima injini nisali. Nilipofumbua macho mkondo ulikuwa umenichukua mbali. Nikarudi, nikazima tena, ukanichukua tena. Basi nikaiwasha nikaiacha inanguruma, mkono mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye rozari, nashindana na mkondo ili boti isimame hapo hapo. Rozari nzima. Sijui kama sala yenye kelele hivyo inahesabiwa.

Sikupaka kitu. Hapana cha kupaka. Lakini mahali napajua, hata nikifumba macho. Sema siku, nitakupeleka.

Mdogo wako,
Curlis

*

Houma, 30 Novemba

Kwa Curlis,

Marahaba. Barua zako zote mbili nimezipata. Mimi mzima, kwa maana ya kwamba natembea.

Ulisema Jumanne. Jumanne ile naihesabu kila siku. Kutoka Jumanne ile hadi siku waliyokata ni siku kumi na moja, na jumla haibadiliki hata ukiijumlisha kutoka chini kwenda juu. Kosa la tarehe ni langu. Nalibeba mwenyewe, usinisaidie.

Kwenye uwanja wa vyuma sikwenda na sitakwenda. Sikukuu nilikuwa makaburini na ndoo. Nikapaka la Mama, la Baba, la Eula. Binti wa jirani akaniuliza, "Bi Nolia, nikusaidie lipi?" Nikamwambia hakuna lililobaki. Nikarudi nyumbani mchana mweupe nikalala na viatu.

Safari naifuta. Usinipangie siku nyingine, Curlis. Nimeshasimama mara moja pwani nikitazama maji matupu, wiki tatu nilisimama, na wewe uliniona. Mara ya pili siwezi. Nikifika hapo nikakuta hakuna hata cha kushika, sitarudi na boti.

Lakini kaburi lisilo na mtu wa kulitunza haliwezekani katika ukoo huu, na mimi yangu ni matatu tayari, goti hili hili. Hilo la majini ni lako. Utakwenda kila mwaka. Padri wangu nimemwuliza kuhusu sala yenye kelele, amesema inahesabiwa. Hutachukua mteja siku hiyo, hata alie. Na kabla hujazeeka mpeleke mtu mwingine wa damu yetu umwonyeshe mahali penyewe, maana ukifa wewe, napo pamekufa.

Sijakusamehe. Kwa hiyo usije kwangu Krismasi.

Ulimchukua wewe. Mtunze.

Dada yako,
Nolia