Mizinga Isiyo na Alama

Ntalikwa, 20 Juni 1951

Kwa Baba Mdogo Raymundi,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuuma. Mimi ni mzima.

Ile ahadi ya kutundika mizinga thelathini naendelea nayo vizuri, imefika minne. Ningekuwa nimefika mbali, lakini Januari niliumwa kichwa, Februari mvua ilizidi, Machi Saidi alinialika ngomani, na sasa magome ya kutengenezea mizinga yananikatalia: nikiyabandua yanapasuka vipande vipande. Tafadhali mwombe Mzee Lugembe asinihesabie siku. Mwambie bintiye Apolinaria namkumbuka.

Mwanao,
Anton

Bukene, 2 Julai 1951

Anton,

Marahaba. Miguu inauma kama zamani. Haiponi kwa kuulizwa.

Minne kati ya thelathini si kuendelea vizuri. Ni kuketi. Ulianza ushonaji, ukaniachia shati lenye mkono mmoja. Ukaanza kutengeneza baiskeli. Ya jirani Mwanne mpaka leo imeegemea ukuta, kuku wanalala juu yake.

Na sasa gome! Mtoto wa mrina asali anabandua gome la mwombo kiangazi! Gome hubanduka masika, mti ukiwa na maji. Hilo analijua hata mtoto anayelamba kidole. Mti haukukukatalia. Ulikungoja miezi mitatu, nawe ulikuwa unacheza ngoma.

Kwa Lugembe nilikwenda mimi kukuposea, nikasema kwa kinywa changu kwamba utamaliza. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu, huyo akimaliza hata ugali wake, niite nije nione!" Amekupa mpaka Julai ijayo. Asipoona mizinga thelathini mitini, na asali ya mkono wako, Apolinaria ataolewa kwingine.

Alama ya marehemu baba yako usiichonge kwenye hiyo minne. Ni alama ya mtu aliyekuwa akimaliza kazi. Wala usiniandikie tena mpaka utimize. Mkono unaoshika kalamu haushiki shoka.

Baba yako mdogo,
Raymundi

Bukene, 18 Februari 1952

Anton,

Salamu. Mvua imenyesha vizuri, magome yanabanduka, nawe kimya. Nilidhani hata kunyamaza utaanza tu, kisha utaacha.

Saidi alipita hapa akilalamika kwamba hujaonekana ngomani tangu mwaka uanze. Basi nadhani ni kile kichwa.

Baba yako mdogo,
Raymundi

Bukene, 15 Aprili 1952

Anton,

Hujambo? Jibu hilo tu. Nilikukataza kuandika, sikukukataza kuwa hai.

Lugembe ameniuliza habari zako mbele ya watu, baada ya misa. Nilimjibu kwa kukohoa. Mimi, niliyefundisha miaka thelathini na mmoja, nakohoa mbele ya Lugembe!

Baba yako mdogo,
Raymundi

Ntalikwa, 27 Juni 1952

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua zako mbili nilizipata. Sikujibu kwa sababu ulinikataza.

Mizinga thelathini iko mitini. Kumi na tisa ina nyuki. Ile minne ya mwaka jana niliishusha nikaichoma, kwa maana ilipasuka. Asali ya kwanza anakuja nayo rafiki yangu Shilinde kwa treni, debe moja. Jumapili iliyopita Mzee Lugembe alifika mwenyewe bila taarifa, akazunguka pori zima akihesabu kwa kidole. Alihesabu mara mbili. Hakucheka.

Ila aliuliza mizinga ni ya nani, maana haina alama. Nikamwambia sijaruhusiwa.

Mwanao,
Anton

Bukene, 6 Julai 1952

Anton,

Marahaba. Debe limefika. Asali ina masizi, ulizidisha moshi. Baba yako hakuwa hivyo hata katika mzinga wake wa kwanza.

Mama yako mdogo Eustadia amekwisha kupeleka bakuli la asali kwa Lugembe. Mzee amelipokea kwa mikono miwili.

Alama ni mistari mitatu, wa kati mrefu. Chonga thelathini yote. Ukiishia ishirini na tisa, nitajua.

Baba yako,
Raymundi