Soksi moja haina kazi

Zéphyrin, leo nimejiharibia kabisa.

Unajua ile siku ya kusomea watoto vitabu, pale kambini Mantapala. Mwalimu aliuliza sisi wazazi tunaonaje kile kitabu cha kuchekesha, cha soksi iliyopoteza mwenzake. Mimi nilikuwa nimefika ukurasa wa tano tu. Unajua ninavyosoma polepole.

Nikasema: "Soksi moja haina kazi. Mutu anaitupa tu." Watu wakacheka. Nikaongeza, mupumbavu mimi: "Mwenzake akipotea, inayobaki ni takataka."

Kicheko kikakatika. Kabange, binti ya Reine, alikuwa ameketi mbele yangu. Kabange, Zéphyrin. Jina tu linasema ni pacha wa pili, na Kyungu wake, yule pacha wa kwanza, tulimuzika mwaka jana. Jeneza nililibeba mimi mwenyewe.

Akaniangalia, akauliza kwa sauti ndogo: "Papa Pitchou, na mimi mutanitupa?"

Nilitoka na kitabu mukononi, kama mwizi.

Sasa nimekimaliza. Ile soksi moja wanaishona, inakuwa doli, mutoto analala nayo kila siku.

Kabange hajasikia huo mwisho. Reine hapokei simu yangu. Ninaenda kwao, nitamusomea polepole hivyohivyo, kama watanifungulia.