Viola Zinazochelewa

Zubrzyca, wiki ya tatu ya Kwaresima

Mwanangu Ireneusz,

Kosa wanalofanya wengi wakisikiliza simfoni za marehemu baba yako ni kutafuta wimbo, na wakiukosa husema amewapigia kelele. Nitalirudia hilo, kwanza nikujulie hali. Kile kikohozi ulichokipata Katowice kimekuachia? Mimi sijambo, ila magoti hayaipendi theluji hii isiyotaka kuondoka.

Nilipokuja mazoezini juzi uliniambia kwamba viola katika sehemu ya pili zinachelewa, kwamba bila shaka mnakili nota alikosea, hivyo umezichorea mishale ya penseli ziingie pamoja na fidla, dada zao wadogo wa sauti nyembamba. Ukaongeza, “Shangazi, hii ni okestra, si foleni ya mkate.” Wapigaji wakacheka. Si vizuri kumsahihisha kiongozi mbele ya watu wake. Lakini Ijumaa simfoni hii itasikika kwa mara ya kwanza, na itakavyosikika ndivyo itakavyochapishwa.

Baba yako Walerian hakuandika wimbo, aliandika rangi ya sauti. Vyombo hushika sauti zilizobanana mpaka usijue kipi ni kipi, kama sufu kabla ya kusokotwa. Wageni husema ni ving’ora vya vita. Hapana. Ni kina mama wa kanisani kwetu wakiimba nyimbo za mateso ya Yesu, kila mmoja akiuvuta wimbo kwa mwendo wake, na babu yako kwenye kinanda akitweta kwa hasira.

Nyuma ya wote aliingia wimboni mama yako. Wenzake walimtania wakitoka, “Ludwika, wimbo umeshafika altareni, wewe bado unafuta viatu mlangoni!” Naye alicheka, akisingizia usingizi. Walerian hakucheka. Aliniambia kule si kuchelewa, ni nota ileile ikipata rangi ya pili.

Sasa nikwambie alilotukataza mama yako kulisema akiwa hai. Haukuwa usingizi. Tangu ulipozaliwa alikuwa karibu kiziwi kabisa. Alisoma midomo ya jirani yake, ndipo akaimba. Ulidhani anakutazama usoni kwa mapenzi. Yalikuwa mapenzi, ila alikuwa pia anasoma. Umelalamika miaka yote kwamba baba yako hakumwandikia mkewe hata nota moja. Viola hizo ndizo yeye.

Nisalimie mkeo Halszka na watoto. Mayai ya Pasaka yanawangoja wayapake rangi. Nawe leo, kabla wapigaji hawajafika, chukua kifutio uifute mishale ile.

Shangazi yako,
Bogumiła