Maka Alipopunguza Uzito

Samsam uko? Nimetoka kwa shangazi Maka, kule mtaa wa Galbet. Leo ndio amenieleza yote. Wallahi sijui nilie au nifanye nini.

Mwaka wa tisini na saba moyo wake ulikuwa unaenda mbio ovyo. Hospitalini Nairobi wakaupiga shoti ya umeme, ukatulia. Daktari akamwambia, "Mama, usipopunguza uzito, moyo utavurugika tena."

Basi akarudi Garissa, akaacha kula sinia moja na wenzake. Akawa anajipikia maharagwe, anakula peke yake nyuma ya nyumba.

Wanawake wenzake wa mtaani wakamcheka! "Maka, bwana amekunyima chakula?" Eti amekonda kama ngamia wa kiangazi. Na aliyecheka kuwashinda wote ni mama yangu. MAMA YANGU, Samsam!

Mwisho wakaacha kumwita. Harusi, hawamwiti. Chai ya jioni, hawamwiti. Naye hakulegea, akapungua mwaka mzima.

Aliporudi kliniki daktari akafurahi mno. "Moyo unapiga sawasawa. Nyumbani ni nani anakusaidia hivi?"

Maka akatazama sakafu, akasema, "Wote."