Mwenyewe Hayupo

Ruiru, 8 Septemba 1957

Kwa Mama Mwongeli,

Pokea salamu zangu. Nakuuliza afya yako, na ya mama yangu Ndila na miguu yake, na hasa ya mwanangu Mwongeli. Mimi ni mzima, ila mgongo. Sikufichi, wiki nzima tunapalilia kahawa upande wa mtoni, na jioni najinyoosha kama mzee.

Nina kichekesho cha kukupa. Amekuja hapa shambani bibi mmoja wa Kizungu, msomi wa chuo cha ng'ambo, na msaidizi wake ni dada Mluo anayeitwa Awiti. Bwana shamba, Mzungu mwenye kahawa hii, amewaruhusu watuulize maswali. Kila anayejua kuandika alipewa karatasi iliyopigwa taipu "Mimi ni", mstari chini ya mstari mpaka mwisho wa ukurasa, na wewe unamalizia. Asiyejua kuandika anamwambia Awiti. Jina huweki. Walisema hakuna jibu baya, na kahawa ikishavunwa watarudi kuuliza vilevile, waone kama mtu hubadilika.

Watu waliogopa. Siku hizi za hali ya hatari huku ukiulizwa wewe ni nani, aliyeuliza ana bunduki. Gachanja, yule tunayelala naye chumba kimoja, aliyetoka kizuizini mwaka jana, aliandika "mfanyakazi wa shamba" kwenye kila mstari. Nilipomcheka aliniambia, "Nimewajibu kama kipande changu, hiki cheti cha kazi, kingejibu."

Kisha Awiti akasimama, akasema bibi anataka habari za mwenyewe, si za mtu mwingine. Basi wale wasioandika wakaanza kumweleza habari za bwana shamba. Mwenyewe ni mkali. Mwenyewe hapendi kelele. Mzee mmoja akasema mwenyewe ni mlevi, kisha akamsihi alifute. Bibi alipoelezwa maana yake aliacha kuandika. Huku kwetu mwenyewe ni mwenye mali. Hakuna aliyewahi kutuita sisi kwa neno hilo.

Mimi kwenye mstari wa kwanza niliandika: Mimi ni baba Mwongeli. Bibi akauliza kwa kinywa cha Awiti, na wewe peke yako, bila mtoto, ni nani? Nikafikiri sana. Nikaandika: Mimi ni mrefu.

Mwambie Mwongeli yuko kwenye karatasi ya Wazungu, juu kabisa.

Mume wako,
Baba Mwongeli


Migwani, 6 Oktoba 1957

Kwa Baba Mwongeli,

Barua yako ilifika na tuliipokea kwa furaha. Mama yako anakusalimu, anasema miguu ile ile. Pole kwa mgongo, ujipake mafuta ya mbarika.

Nilimsomea Mwongeli habari ya karatasi, akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo anatusumbua. Akitumwa kisimani anasimama mlangoni anasema, "Mimi ni Mwongeli wa Kimeu, sichoti maji." Nyanya yake anamtishia fimbo huku amegeuka asionekane anacheka.

Lakini kikohozi kile hakikuisha. Wiki iliyopita homa ilipanda, nikambeba mpaka kwa misheni. Wamempa dawa, wanasema ni kifua. Naandika yeye akiwa amelala hapa ubavuni. Chakula anakikataa, maji anakunywa. Anauliza utakuja lini.

Mimi si mtu wa kukuita ovyo, unanijua. Nakuita.

Mkeo,
Mama Mwongeli


Ruiru, 19 Oktoba 1957

Kwa Mama Mwongeli,

Salamu nyingi. Sina nguvu ya kuuliza mengine, naomba tu barua hii imkute mtoto ameketi.

Siku niliyopata habari nilikwenda kwa nyapara. Akanipeleka kwa karani, karani akaniambia kahawa yote imeiva kwa pamoja, na atakayeondoka kabla tikiti yake ya siku za kazi haijajaa asirudi. Bwana shamba akasema hivyo hivyo, kwa maneno machache zaidi.

Ndipo nikamfikiria yule bibi. Yeye hula meza moja na bwana, neno lake lingesikika. Nikamwendea Awiti, tukaenda pamoja. Bibi alisikiliza vizuri, hata macho yakabadilika. Kisha akasema hawezi. Akimsaidia mmoja, wengine watamjibu kwa kutumaini msaada, na kazi yake yote itaharibika. Kazi yake ni kutazama, si kugusa. Nikasema hata daktari wa ng'ombe hugusa. Hilo Awiti hakulitafsiri.

Si mtu mbaya, Mama Mwongeli. Nadhani hata yeye hakulala vizuri.

Nikitoroka, kazi hii imepotea, na Mwongeli akihitaji hospitali kubwa tutampeleka na nini? Gachanja ananiambia nenda. Nimegeuzageuza jambo hili mpaka kichwa kikauma. Nimeamua kungoja. Kahawa ikiisha nakuja bila kugeuka nyuma. Mpe maji mara kwa mara, mkinge na umande, mwambie baba yake yuko njiani hata kama bado.

Mume wako,
Baba Mwongeli


Migwani, 17 Novemba 1957

Kimeu,

Salamu. Barua yako ilichelewa kwa sababu ya mvua, mto ulijaa. Mama ni mzima. Mbuzi wamezaa. Mahindi yamesimama.

Usihangaike tena kuomba ruhusa. Maliza kazi yako, kisha uje.

Kamene


Ruiru, 8 Desemba 1957

Kwa Mama Mwongeli,

Habari za huko? Mama na miguu yake? Mimi naendelea, mikono imekuwa myeusi kwa kahawa.

Umeniita Kimeu. Kimeu ni yule anayeitwa na karani asubuhi watu wakihesabiwa. Tangu mtoto azaliwe hujaniita hivyo, hata siku nilipouza mbuzi wako bila kukuambia. Naona umekasirika kwamba sikuja, na una haki. Au umesikia maneno kwamba nina mwanamke hapa? Sina. Muulize Gachanja, ndiye anayesikia nikikoroma.

Na hukusema homa iliisha namna gani. Nilipata shida usiku mmoja, kisha nikajiambia, mtu anayeandika kuwa mbuzi wamezaa, tena anasema usihangaike, mtoto wake amepona. Aliyebaki mgonjwa ni mama, kwa hasira. Basi kasirika tu. Mimi nimefurahi.

Jumamosi nilipanda lori la kahawa mpaka Thika, pale kwenye viwanda, nikapata mkebe wa mananasi. Mwongeli hajaona tunda linalokaa ndani ya bati. Usimwambie. Nataka niufungue mbele yake nimwone uso.

Bibi atarudi na karatasi zake mwezi ujao. Nitaandika vilevile. Nyapara akiniita boi, moyoni namjibu, huyo unayemwita ni baba wa mtu. Hilo ndilo linaloninyanyua kutoka kitandani. Niandikie, na uniite vizuri.

Mume wako,
Baba Mwongeli


Migwani, 29 Desemba 1957

Kwa baba wa mtoto wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kama Gachanja yupo, akae nawe.

Mwongeli alituacha Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, asubuhi. Barua yako ya kungoja ilikuwa bado njiani.

Sikukasirika. Nilitaka uje uisikie kwa mdomo wangu, mama yako akiwapo na majirani wakiwapo, maana karatasi haimshiki mtu akianguka. Nilikaa kukuandikia kama kawaida, Kwa Baba Mwongeli. Mkono ulifika kwenye jina lake ukasimama. Nikachukua karatasi nyingine, ukasimama pale pale. Ndipo nikaandika Kimeu, na chini nikaandika Kamene, maana langu pia lilinishinda. Nikadhani utaelewa. Kumbe wewe ukaenda ukanunua mkebe. Nisingeweza kukuacha uendelee kuushika mkebe ule kwa furaha.

Jumamosi, siku moja kabla hajatuacha, aliniuliza kama bado yuko kwenye karatasi yako. Nikamwambia yuko, juu kabisa. Akasema, "Basi asinifute."

Tumemlaza nyuma ya nyumba, upande wa boma la mbuzi. Mama yako ndiye aliyechagua.

Kamene


Ruiru, 12 Januari 1958

Kwa mke wangu,

Afya yako siiulizi, naijua, ni kama yangu.

Barua ilinifikia Jumanne. Gachanja alikaa nami, alinishika mkono tu. Jumatano bibi akaja. Ningeweza kukataa, lakini miguu iliwafuata wenzangu mpaka bohari, nikakaa, nikapewa karatasi. Ile ile. Mimi ni, Mimi ni, mpaka chini.

Nilishika kalamu. Kama ingekuwa imeandikwa Mimi nilikuwa, ningejaza ukurasa. Lakini ilisema ni. Nikaandika baba Mwongeli nikaona nimesema uongo, nikataka kufuta, nikakumbuka alichokuambia. Kalamu ikakaa hewani mpaka wengine wakamaliza wakatoka.

Bibi akaja akaona mstari mmoja. Akasema mwaka jana niliandika yote. Akaniomba, kwa upole, niandike chochote juu yangu mwenyewe.

Nikamwambia, "Mwenyewe hayupo."

Awiti alinitazama usoni akajua. Sijui alimtafsiria nini, alisema maneno mengi kuliko yangu. Bibi aliweka mkono kwenye bega langu, akausahau pale kwa muda. Kumbe anaweza kugusa. Kisha akasema pole, kwa Kiswahili chake, akaichukua karatasi ilivyo.

Ruhusa sasa imepatikana bila kubembeleza, kahawa imeisha. Nangoja karani anirudishie kipande, kesho kutwa naondoka. Mkebe nauleta. Tutaufungua au hatutaufungua, utasema wewe. Kungoja nilichagua mimi, na hilo sitamwachia bwana shamba wala bibi.

Barua hii nimeitanguliza kwa mkono wa mtu wa kwetu anayeondoka leo, kwa sababu nataka ujue jambo moja kabla sijafika. Nitakapobisha hodi mlangoni, usiulize ni nani. Swali hilo sitaliweza. Niite tu lile jina, hata kama sauti itakatika katikati, nami nitaitika.

Baba Mwongeli