Majirani wa Kondoa na Watu Wangu wa Ijumaa

Kikuyu, Dodoma
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake kwenye sikio la kulia, maana lile la kushoto najua limegoma tangu apooze. Anakula? Bado anasukuma kikombe cha uji kikikosa sukari? Na goti lako, Mama, limepoa, au bado unapanda nalo mlima kwenda kanisani kwa ubishi tu? Mimi ni mzima. Mtoto naye ni mzima, anapiga mateke hasa nikiwa kwenye vikao, nadhani hapendi hotuba.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu siwezi. Ukisema tu "mwanangu," nasema niko sawa, nakata. Halafu nabaki nimekaa kitandani na simu mkononi, natazama ukuta. Kwenye karatasi nikilia hakuna anayenisikia, naendelea kuandika.

Umekuwa ukiniuliza, siku ikifika, nani atakuwa nawe? Na Baba aliuliza lile lake, kwamba huko makao makuu, watu waliotoka kila pembe ya nchi wanaishije. Nilidhani ni maswali mawili. Sasa naona ni moja, kwa hiyo nawajibu pamoja.

Hali yenyewe unaijua. Wewe huwezi kumwacha Baba hata kwa siku moja. Mimi daktari amenikataza safari kwa sababu ya presha, na kutoka hapa hadi nyumbani Muleba si mwendo wa mwanamke mwenye miguu iliyovimba kama yangu. Baba mtoto, Deo, yuko Newala na mradi wake wa maji, na likizo yake ataruhusiwa mtoto akishazaliwa, si kabla. Kliniki ya mwisho muuguzi aliniambia, "Ukija kujifungua uje na mtu wako. Wa kukuletea uji, wa kukimbilia dawa, wa kumshika mtoto ukiwa hujiwezi. Mtu wako ni nani?"

Nikasema nitamtafuta.

Akaniangalia juu ya miwani. "Mama, mtu hatafutwi mwezi wa tisa."

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi, nikafungua mkoba kama ninayetafuta kitu.

Basi nianze na watu wangu, yaani sisi tuliohamishwa na ofisi. Tuko wengi, Mama, na kwa macho tunaonekana tumefanikiwa. Mshahara unaingia kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Tuna bima, tuna mikopo, tuna viwanja nje ya mji, na kila kiwanja kinaanza na ukuta kabla ya nyumba. Mpare, Mmakonde, Mnyakyusa, Mhaya kama mimi, wote tunaongea lugha moja ya ofisini na wote tunalalamikia vumbi. Kwa fedha hatuna cha kumlilia mtu. Lakini Ijumaa mchana uje utuangalie! Kila mtu ana begi chini ya meza. Saa za kazi zikiisha wanakimbilia treni na mabasi kwenda Dar es Salaam, kwenye waume zao na wake zao na watoto waliobaki kule shuleni. Jumamosi nikipita mtaani nasikia mageti yanapigwa na upepo. Hakuna aliyekuja Dodoma kuishi. Tumekuja kufanya kazi, na hata tukifa tunasafirishwa.

Siwasemi vibaya. Wana roho nzuri. Niliandika kwenye kundi letu la simu kwamba naomba mtu mmoja tu wa kuandamana nami hospitali siku ikifika. Mama, maua yalimiminika! Mikono ya sala, mioyo, hongera mama kijacho. Kisha mweka hazina akafungua mchango, na wiki hiyohiyo wakaniletea kitanda cha mtoto cha mbao, kizuri, kipana mno, hakipiti mlango wa chumbani hadi leo. Kiko sebuleni, nimekiwekea nguo zilizofuliwa. Ila mtu hakupatikana. Neema, yule rafiki yangu wa meza ya pili, alinifuata jikoni pale ofisini akanishika mkono. "Adve, mimi ningekuja, haki ya Mungu. Ila ikiangukia wikiendi niko Dar. Wanangu wananiona siku mbili tu kwa wiki." Ningemlaumuje? Watoto wake wanalelewa na dada yake. Ni mpweke kuliko mimi, tofauti yake ni kwamba yeye ana tiketi.

Kwa hiyo naishi hivi. Redio naiacha ikiongea nikienda kazini, ili nikirudi nikute sauti ndani. Jioni nakula nimesimama, maana nikikaa mezani peke yangu chakula hakishuki. Siku za Jumapili ndizo mbaya zaidi.

Sasa nije kwa majirani. Upande wa pili wa ukuta wangu wanaishi watu wa Kondoa, Warangi. Nao ni watu wa kuja kama sisi, ila walitangulia zamani, Dodoma ikiwa bado kamji. Hawana mshahara wala bima. Mama Salma ana genge la nafaka, mumewe anakwenda Mlali na vijiji vya Kongwa kununua alizeti na karanga, akipata gari anarudi, asipopata analala hukohuko juu ya magunia. Nyumba yao nusu ina bati, nusu bado ni nondo zinazotazama mbingu. Ukilinganisha kwa mfuko, sisi tuko juu yao. Lakini kijana yeyote wa kwao akishuka kwenye basi, kabla ya jua kuzama ana pa kulala, na baada ya siku chache utamkuta anapima mahindi dukani kwa mjomba fulani. Mpwa wao mmoja anasoma chuo kule Chimwaga, na ada yake inachangwa na ukoo mzima, kuanzia mwenye duka mpaka mwenye toroli. Mmoja wao akilazwa, hospitali inawafukuza wageni.

Usidhani nimewageuza malaika. Kwao hakuna siri. Ukinunua nyama leo, kesho mtaa unajua ilikuwa kilo ngapi. Salma, binti yao mkubwa, alifaulu vizuri na anataka kusoma uuguzi, lakini genge linamhitaji, na anayekataa ombi la ukoo hana pa kukaa. Namwona anavyoangalia kitambulisho changu cha kazi kinavyoning'inia shingoni. Mimi natamani kelele za kwao, yeye anatamani ukimya wa kwangu. Hakuna aliyenipa nafasi ya kumwambia ukimya huo una ladha gani.

Na tulivyojuana, Mama, utacheka. Nilipohamia hapa walinitumia bakuli la kande za kunde, la moto, limefunikwa kwa sahani. Nilikula nikalia. Nikaliosha bakuli, nikalifuta, na hapo ndipo nikakwama. Ulinifundisha mwenyewe kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Sasa nikitie nini? Mimi nakula ofisini, jikoni kwangu kulikuwa na majani ya chai na nusu mkate. Nikasema nitapika mwishoni mwa wiki. Mwisho wa wiki ukapita, na mwingine. Kadiri bakuli lilivyokaa ndivyo nilivyoona aibu, na kadiri nilivyoona aibu ndivyo nilivyowakwepa. Nikawa natoka alfajiri na kuchungulia getini kabla ya kupita, kama mwizi. Kumbe wenyewe walishasema mama wa ofisini anaringa, hataki mazoea.

Ndipo lilipofika lile furushi lako la senene. Nilijaza bakuli hadi ukingoni, nikapiga hodi. Watoto wakafunua, wakatawanyika wakipiga kelele kama wameona nyoka. Mama Salma akainama akaangalia.

"Dada, hawa si panzi?"

"Ni senene, Mama Salma. Kwetu ni zawadi ya mgeni wa heshima."

"Heshima hii mbona ina macho?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mama mkwe wake, Bibi Hawa, alikuwa amekaa kwenye mkeka anapeta karanga. Akanyoosha mkono. "Nzige halali. Lete hapa." Akatafuna mmoja polepole, nyumba nzima ikimtazama, akachota wengine. "Mmewakaanga vizuri. Ongezeni chumvi." Mama, kicheko kilichotoka mle ndani! Nami nilicheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu sana. Kabla sijaondoka Mama Salma naye alikuwa anatafuna, amefumba macho.

Tangu siku hiyo naingia kwao jioni. Wananikalisha kwenye kigoda, wananipa ugali wa uwele na mlenda. Mlenda bado unanishinda, Mama, unateleza kabla sijaamua, lakini naumeza. Wao kwa wao wanaongea Kirangi, wanacheka, nami nacheka sekunde moja nyuma yao bila kujua tunacheka nini. Hata pale katikati yao kuna muda najiona niko mbali kabisa. Lakini ni afadhali kuliko redio.

Juzi nikawaambia maneno ya muuguzi. Bibi Hawa akaacha karanga. "Mama yako anakuja lini?" Nikaeleza habari za Baba. Nikaeleza habari za Deo. Nikaeleza na kitanda cha mbao. 

Mama Salma akasema, "Nyie watu wa ofisi tangu mje bei ya kila kitu imepanda hapa Kikuyu, kodi, maji, nyama. Tuliwachukia, sikufichi. Lakini sisi tulikuja hapa na mama zetu. Nyie mmekuja na barua za uhamisho."

"Haya, yaishe," Bibi Hawa akamkata. "Tutakwenda sisi. Uchungu ukianza gonga ukuta, hata usiku wa manane. Salma atabeba chupa ya uji."

Basi Mama, swali lenu nimelijibu. Nitakuwa na watu. Salma ameshakariri nguo zote zilizomo kwenye begi langu la hospitali, na nahisi siku hiyo atafurahi kuliko sisi sote, ataona wodi kwa ndani. Naomba usitie moyoni kwamba nimetafuta mtu badala yako. Ningekuwa na uwezo wa kukubeba wewe na Baba na kitanda chake na mlima wote, ningewabeba.

Lakini kuna neno ambalo ndilo hasa lililonikalisha hapa kuandika. Tukiwa tunapanga hivyo, Bibi Hawa aliniuliza, "Kwetu mtoto akishaoshwa, baba yake anamwadhinia sikioni, ajue ameingia kwa nani. Huyu wako ni wa Kikristo, na baba yake hayupo, mimi siwezi kumwadhinia. Kwenu anaambiwa nini?"

Sikujua, Mama.

Nilikaa pale na shahada yangu na kitambulisho changu, sikujua. Dada alipojifungua mlinifukuza nikakate majani ya migomba, mkafunga mlango. Nakumbuka nilisikia sauti yako ndani, ukisema kitu kwa Kihaya, chini chini, kirefu, kama unamsimulia mtu habari za safari. Nilirudi mlango umefunguliwa na mtoto amefungwa nguo, na mimi mwaka uliofuata nikaenda bweni. Sikuuliza. Bibi Hawa hakunicheka. Alisema tu, "Muulize mama yako. Mtoto asipokelewe kimya kama kiumbe kisicho na kwao."

Usiku ule sikulala. Nilijaribu kuyabuni hayo maneno mwenyewe, nikaona nabuni mambo ya vitabuni, nikaacha.

Msalimie dada Leontina, na umwambie gauni lake la uzazi limenitosha hadi sasa. Msalimie kaka Novatus na mkewe, na mama mdogo anayekusaidia kumgeuza Baba. Mungu ampe nguvu za mgongo. Padre naye mwambie naomba aniweke kwenye misa, bila kunitaja jina, wambeya ni wengi. Baba mshike mkono wake ule mzima, aubane wako, amwambie mtoto wangu karibu kwa njia hiyo.

Na ukimaliza kumsalimia Baba, mwite Novatus aje na simu yake. Ingieni chumba chako, mfunge mlango, arekodi sauti yako ukisema yale uliyomwambia mtoto wa Dada, yale uliyoniambia mimi. Hata kama kuku watalia, hata kama utakohoa, usirudie. Anitumie upesi, siku zimebaki chache. Bibi Hawa atamshika mtoto, Salma atashika simu karibu na sikio lake, na hakuna atakayeelewa neno mle ndani isipokuwa mimi, nami nitakuwa nalia.

Kama hayakutoshi maneno, ongeza jina lako na jina la kijiji. Useme tu, Mama. Mtoto akifika asikie ana bibi.

Kitinda mimba wako,
Adventina