Nimepona Ndani ya Eda

Ibra, Omani, Jumatano, mwezi wa sita 1984. Baada ya sala ya Alasiri.

Leo joto ni la kumkaanga mtu. Upepo unaoingia dirishani unatoka jangwani moja kwa moja, na feni inauzungusha tu, haiupoozi. Kichwa changu chepesi lakini hakigusiki, kama pahali palipotumbuka jipu.

Jana kipandauso kilirudi.

Nina miezi minne ndani ya nyumba hii. Mimi ni kizuka, nakaa eda ya mume wangu Seif, na zimebaki siku tisa nitoke. Sivuki kizingiti, sitii wanja, sipaki hina, sijitii manukato wala sijifukizi udi. Ulimwengu wangu ni mkeka, msahafu, daftari hili na dirisha moja linalotazama uani, penye kamba ya kuanikia nguo. Wanawake wa mtaani wanaokuja kunitazama hunionea huruma. Huniambia nivumilie, kifungo kina mwisho wake. Nami huitikia, "Alhamdulillahi," nikainamisha uso wasije wakausoma.

Maana kuna jambo sijamwambia mtu, na leo naliandika ili linitoke kifuani. Tangu Seif afariki mpaka juzi, sijaumwa kichwa hata siku moja.

Hata siku moja!

Mwenye kichwa kizima hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Mimi nimeishi na kipandauso miaka kumi na mitatu, tangu tulipotoka Unguja tukaja kuanza maisha hapa. Kwanza huja mwanga pembeni mwa jicho la kushoto, unametameta na kukatikakatika. Nikiuona, najua nimebakiwa na muda wa kuchagua mchele tu kabla sijaanguka. Halafu nusu ya uso inaanza kupigwa nyundo, natapika mpaka nyongo, na sauti ya kijiko kwenye kikombe inanitoa machozi. Siku nzima, pengine mbili. Mwezi haukupita bila ya kunilaza mara sita au saba. Nililala na kanga imefungwa kichwani kwa nguvu hata ikaniachia alama kwenye paji la uso.

Dawa sikubakisha. Vidonge vya zahanati nimevila kama njugu. Daktari mmoja wa Maskati alinipa miwani, nikaivaa mwaka mzima, nikawa naumwa kichwa na pua pia. Nizwa tulikwenda kwa mzee mmoja anayetibu kwa chuma cha moto, akanichoma utosini, na pahali pale mpaka leo hapaoti nywele. Kombe nimekunywa la zafarani hata ulimi ukawa manjano. Wapo waliosema ni jini, wapo waliosema ni jicho la watu, na shoga yangu mmoja alisema ni uvivu wa kupika. Huyo hatusemezani mpaka leo.

Seif peke yake hakuchoka. Kila jioni baada ya Magharibi aliwasha makaa, akatia udi na ubani kwenye chetezo, akanifunika shuka na kunifukiza kichwa. Bibi yake alimfundisha kwamba udi hufukuza kila kibaya. Tena si udi wa mchezo, ni ule mweusi mzito. Ndala zake zilikuwa zimekatika na kufungwa uzi, lakini kibweta cha udi hakikuwa kitupu hata siku moja. Aliketi ananipulizia makaa, macho yake yakitiririka machozi, nami nikidhani ananililia. Mwanamume anayekulilia kila jioni utamwambia nini? Moshi ulinichefua. Sikusema. Nilidhani ndivyo dawa inavyofanya kazi, na mgonjwa mwenye mume kama yule hana haki ya kunung'unika.

Akafa. Asubuhi alikunywa kahawa yake, akavaa kanzu ya kazini, akaanguka mlangoni. Wakasema ni moyo. Siku zile za mwanzo sikujua kama nina kichwa wala miguu, nililia tu. Mwezi wa kwanza ulipokwisha ndipo nikashtuka kwamba sijafunga kanga kichwani. Wa pili nao hivyo hivyo. Wa tatu nikaanza kuogopa.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi, na mbaya. Seif alipokuwepo niliumwa. Seif hayupo, nimepona. Nikafikiri labda maradhi yangu yalikuwa mume wangu, kwamba miaka yote ile kuna kitu ndani yangu kilikuwa kikimkataa bila ya mimi kujua. Mke wa namna gani huyo anayepona kwa kufiwa? Na uso wangu ukanisaliti. Nimenenepa, macho yamefunguka. Wiki iliyopita mgeni mmoja alinitazama akasema, "Mashallah, eda imekukubali." Wifi yangu Zuwena, dada yake Seif, alikuwepo. Aliokota vikombe vya kahawa, akatoka navyo na watu hawajamaliza kunywa.

Nakiri hapa, kwa kuwa daftari halina mdomo. Baada ya sala nilimwomba Mungu niumwe, hata kidogo, nipate kumstahi marehemu.

Jana nikapata nilichoomba.

Zuwena amehamia kwetu tangu msiba, ndiye anayenipikia na kunisimamia. Ni mkubwa wangu, mkali, mikono haimtulii. Jana mchana alitoa nguo yangu mpya ya kijani, nitakayovishwa siku ya kutoka eda nikishakogeshwa, akaitandaza ukumbini juu ya tenga la kufukizia nguo. Chini yake akaweka chetezo, na ndani ya chetezo akatia udi uliobaki kwenye kibweta cha Seif. Mlango wangu alikuwa ameufunga. Moshi ukapita chini ya mlango.

Mwanzo nilifurahi. Ilikuwa harufu yake, kama ametoka kazini na anavua viatu. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikaweka pua kwenye upenyo, nikaivuta mpaka ndani kabisa, nikalia kwa raha.

Machozi hayajanikauka, mwanga ukaja pembeni mwa jicho la kushoto.

Nilianguka pale pale sakafuni. Nilitapika kwenye beseni, na katikati ya maumivu yale nikacheka. Zuwena aliingia mbio, akanikuta nacheka na kutapika, akaanza kunisomea Ayatul Kursi kwa sauti. Hakujua ninachokicheka. Haikuwa Seif! Haikuwa sauti yake, wala kitanda chake, wala moyo wangu kwake. Ulikuwa udi. Nikazikumbuka harusi zote za Unguja nilizotolewa nimeshikwa mikono kwa kichwa, mama akisema watu wana macho mabaya, na hakuna hata moja iliyokosa chetezo mlangoni. Kwetu udi ulikuwa wa Ijumaa na wa harusi. Kwa Seif ukawa wa kila siku.

Hapo kicheko kikakatika. Kama ni udi, basi aliyeniumiza ni yeye, kwa mkono wake, kila jioni, kwa mapenzi. Na mimi nilimwachia. Neno moja lingetosha na sikulisema.

Sasa nimebanwa huku na huku. Siku tisa zikiisha mlango utafunguliwa, wanawake watajaa ukumbini, nitavishwa nguo ile, na Zuwena atanizungushia chetezo mbele ya watu. Baada ya hapo udi utakuwa kila nyumba nitakayoingia, kila mgeni atakayeaga. Hapa mtu hakatai chetezo. Ukikataa, ama una jini, ama unamdharau mwenye nyumba. Nikinyamaza, narudi kwenye kanga ya kichwani umri wangu wote uliobaki. Nikisema, namwambia Zuwena kwamba ndugu yake, aliyemlea mgongoni, ndiye aliyekuwa akinitesa. Naye ameshaona jinsi nilivyonawiri.

Nani angedhani kizuka ataogopa kufunguliwa mlango?

Leo asubuhi Zuwena aliniletea uji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa anitazame nikinywa. Sikupanga kusema. Lilinitoka tu.

"Wifi, siku ile msinifukize."

"Usifukizwe? Utoke eda kavu kavu, kama mtu aliyefukuzwa? Na watu wasemeje?"

"Udi ndio unaoniumiza kichwa. Siku zote hizi, ni udi."

"Lakini wallahi, Seif alikuwa akikufukiza kila siku ya Mungu."

"Najua."

Nilimwona anaipiga hesabu ile ile niliyoipiga mimi. Uso wake ukakunjana, nikajua nimemchoma. Vidole vyake vikaanza kuchambua ukindu wa mkeka.

"Allah yarhamu," alisema mwishowe, akiutazama mkeka. "Udi ulikuwa ukimchoma macho tangu mdogo. Mama akitia buhuri, Seif mbio barazani, macho mekundu. N'kawa nashangaa mie, kwa mkewe huyu uvumilivu kaupata wapi."

Akachukua bakuli, uji umo nusu, akatoka. Sikujua kama amenielewa au amenichukia.

Kumbe yale machozi yalikuwa ya moshi. Nimekaa na habari hiyo asubuhi nzima, sijui niiweke wapi. Inaniuma, maana nilijivunia sana kuliliwa. Kisha namwona pale na shuka lake na makaa yake, macho yanamwaka moto, na bado anapuliza. Miaka kumi na mitatu tumekaa ndani ya moshi mmoja, kila mmoja anavumilia kwa ajili ya mwenzake, wajinga wawili.

Baada ya Adhuhuri nikasikia maji uani. Nilichungulia dirishani. Zuwena alikuwa amechutama penye karai, jua la mchana linampiga utosini, anafua nguo yangu ya kijani. Alikuwa akiifikicha kama aliyekosana nayo. Akaisuuza, akainusa kwapani, akairudisha kwenye sabuni. Akainusa tena, akairudisha tena. Mara nne nilimhesabia. Wakati mmoja alijifuta uso kwa mkono wenye povu na akabaki hivyo, mkono usoni, mabega yanatikisika. Nikatoka dirishani nisimwone.

Kwa joto hili nguo haikuchukua hata saa moja kukauka. Ameniletea sasa hivi, akanitupia mapajani.

"Nusa."

Nimenusa. Sabuni tu, na jua.

"Khalas," amesema. "Wakiuliza chetezo kiko wapi, wambie wanione mimi."

Nimemshika mkono, akaniachia kidogo kabla hajauvuta kwenda kutazama chungu chake jikoni. Lakini sitaki awajibu yeye. Zimebaki siku tisa, na hizi nitazitumia kujizoeza kulisema mwenyewe neno nililomnyima mume wangu. Naanza leo, hapa, kwa yeye aliyestahiki kulisikia kwanza.

Seif, moshi ulikuwa ukinichefua. Mimi kichwa, wewe macho. Mbona hatukuambiana?